Plastiki Mikononi mwa Baba Shija

Jamani, mwenzenu nimeshawahi kuteleza kwenye tope mbele ya soko zima nikiwa na gauni jeupe, nikacheka na wanaocheka. Lakini ile aibu ya pale kazini kwangu, maabara ya mifugo hapahapa Mbeya, mpaka leo nikiikumbuka nashika kichwa.

Kulikuwa na Baba Shija, mfugaji wa kule Ubaruku. Ng'ombe wake alikufa ghafla, mzoga ukachomwa, kilichobaki ni damu kidogo tu kwenye kichupa, akaileta mwenyewe maana alitaka kujua ni ugonjwa gani kabla haujaingia kwa wengine zizini. Sasa siku hiyohiyo wageni kutoka Iringa nao wakaja kuiona mashine yetu mpya, na mimi (mnanijua kwa kupenda sifa) nikasema ngoja niwaonyeshe kwa damu hiyohiyo, nikaitia yote, sikubakiza.

Nikaanza kumwaga maneno: humu tunatia vijichembe vya sumaku, vidogo kama vumbi, vinashika vinasaba vya mdudu aliyemo kwenye damu, halafu mashine inateremsha vijiti vya sumaku kuvinyanyua, ila vijiti lazima vivalishwe hii plastiki, la sivyo vijichembe vinagandia hukohuko. Nikaizungusha ile plastiki waishike, ikaishia kwa Baba Shija, akaipokea kwa mikono miwili. Kumwomba mtu mzima airudishe nikaona haya (kwetu Unyakyusa nilivyolelewa, mgeni humpokonyi kitu), nikajisemea si nitachukua nyingine kwenye boksi, hata hivyo hiyo imeshaguswa. Ile nageuka tu, mkuu wetu huyo anaingia, nikapiga goti kumsalimia, na salamu zetu mnazijua, za nyumbani, za mvua, za mahindi, basi nilipomaliza nikabonyeza kitufe.

Wote tukachungulia kwenye kioo. Vijiti vikashuka vitupu, vikapanda vimejaa tope la kahawia la vile vijichembe, vikashuka tena, vikapanda nalo vilevile, sumaku haikuachia hata chembe.

"Gwe Atupele," mkuu akaniita polepole, "plastiki iko wapi?"

Nikageuka, nikamwona Baba Shija bado kaikumbatia kifuani.

"Ninayo mwanangu," akasema. "Nilikuwa nasubiri uniombe."

Mgeni mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata, mimi machozi yananilengalenga.

"Damu nyingine ipo, mzee?" mkuu akauliza.

"Itoke wapi? Ng'ombe tulishamchoma." Akaniwekea ile plastiki mkononi taratibu, wala hakunigombeza. Bora angenigombeza!

Jibu lilikuja kupatikana, ndiyo, lakini ilibidi tungoje mpaka ndama wa yule ng'ombe naye augue, na hilo linaniuma kuliko kicheko cha wale wageni. Nimeapa: mgeni na anione sina adabu, kitu changu nitakiomba kwanza, salamu zitafuata.

Siku Baba Shija alipoleta damu ya ndama, nilimkaribisha ndani apate kiti. Akakataa. Akabaki mlangoni, mikono kaifunga nyuma.

"Hapa panatosha, mwanangu," akasema. "Nisije nikashika kitu tena."