Tita Moja kwa Watu Wawili

Mimi ni mtu wa mji wa Baraka. Nimezaliwa kando ya ziwa, mahali ambapo nchi imelala na mtu akianguka anaangukia hapo hapo alipo. Kwa hiyo nilipooa kwenye milima ya juu ya Fizi, miaka ile ya hamsini Wabelgiji wakiwa bado mabwana wa nchi, sikuoa mke tu. Nilioa na milima yake, na milima hiyo hakuna aliyenionya juu yake.

Nilioa pia desturi. Kwao mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hasemi naye. Akimwona anakuja, anaacha njia na kuingia majanini. Anayemgusa mwenzake analipa kuku mbele ya ukoo, na wazee wakiwa na hasira wanaweza kumrudisha binti yao nyumbani kwanza, ndipo waanze kusikiliza. Ndoa yangu ilikuwa na miezi sita. Mke wangu nilimpenda kupita kiasi, na nilikuwa tayari kutembea nikiangalia vidole vyangu vya miguu mpaka uzee.

Siku yenyewe tulipanda watu watatu kukata nyasi za kuezeka nyumba mpya ya mama mkwe: yeye mwenyewe, mwanawe mkubwa ambaye ni shemeji yangu, na mimi. Shemeji ndiye alikuwa akipeleka maneno kati yetu. Asipokuwepo mtu, mnaongea na kitu. Mama mkwe aliliambia panga lake, mimi nililiambia tita langu la nyasi.

"We panga, ambia ule muntu akate chini-chini. Nyasi fupi haifunike nyumba."

"We tita, sema nimesikia."

Msicheke. Tulielewana vizuri kuliko watu wengi ninaowajua.

Sasa, watu wa kule hawabebi nyasi kichwani kuteremka. Wanazifunga kwa kamba za magome, tita refu kuliko mtu, wanalipanda kama punda, wanashika kamba ya mbele, na kulielekeza kwa visigino. Mlima wenyewe unafanya kazi iliyobaki. Shemeji alishuka hivyo mchana, akipiga mluzi, akapotea chini kwenye ukungu. Mimi nilikuwa nimeshajipangia uongo wangu: ningesema tita limefunguka, kisha ningeshuka kwa miguu, polepole, kwa njia ya kijito. Sikuona haya. Kuogopa mlima si kosa.

Kisha mbingu ikageuka. Mvua ya mawe nilikuwa nimeisikia tu kwenye maneno ya watu. Ile ilikuja na radi, punje kubwa kama njugu, ikanipiga mgongoni mpaka nikajifukia chini ya nyasi na kuomba dua zote nilizofundishwa na nyingine nilizozitunga hapo hapo. Mama mkwe alijibana chini ya mwamba. Ilipiga muda mrefu. Ilipokoma, nilitoa kichwa na kukuta mlima mzima ni mweupe, kama mtu amemwaga gunia baada ya gunia la chumvi. Nilikanyaga, mguu ukazama mpaka juu ya kifundo. Kwenye mabonde madogo ulizama mpaka gotini. Hakuna ndege aliyelia. Njia ya kijito nilisikia tu inavyonguruma. Maji yalikuwa yameimeza.

Mama mkwe akatoka chini ya mwamba, akapiga hatua mbili, ya tatu ikateleza. Nilisikia mfupa. Hakulia. Alikaa kwenye barafu, akatafuta panga lake kwa mkono, akaliambia:

"We panga, mugu umevunjika."

Nilipiga kelele kumwita shemeji. Ukungu haukujibu. Nilivua koti langu nikalitupa upande wake bila kumtazama, na nikasikia analivaa. Alikuwa na kitenge kimoja tu, nacho kimelowa chote. Tukakaa. Kwa kweli hatukuwa tunakaa, tulikuwa tunangoja mtu atuokoe mimi na desturi yangu. Yeye aliendelea kusema na panga: kwamba wataona tumechelewa, kwamba watapanda. Halafu maneno yakaanza kuja moja moja. Meno yake yakagongana, kisha yakanyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikonitia hofu kuliko radi. Mama wa mke wangu alikuwa anakufa hatua tatu kutoka nilipokaa, na mimi natazama vidole vyangu.

"We tita," nikasema, "uliza kama anasikia."

Nikatega sikio. Kisha sauti ndogo sana: "Ashuke peke yake. Abaite bengine bakuje."

Nitasema ukweli, nilitamani kumtii. Lakini kushuka, kuwatafuta, kupanda tena na barafu ile, jua lingekuwa limezama. Na nyuma yetu wingu la pili lilikuwa linakuja, jeusi. Nikalivuta tita mpaka mbele yake, nikalipanda, nikampa mgongo.

"Panda," nikamwambia. Yeye mwenyewe, si panga. Lilikuwa neno langu la kwanza kwake.

Nikasikia anajivuta, anaguna, kisha mikono miwili ikanizunguka tumboni. Ilikuwa ya baridi mpaka nikashtuka. Nikasukuma kwa miguu.

Sijui nielezeje yaliyofuata. Tita halikugusa ardhi. Lilielea juu ya ule weupe, bila sauti, na kadiri lilivyokosa sauti ndivyo lilivyozidi kukimbia. Barafu ilinirukia usoni, ikaingia kinywani, ikaingia shingoni. Nilikandamiza visigino, vilizama tu na kurusha barafu zaidi. Nililia, na simaanishi machozi, nililia kwa sauti kama mbuzi anayepelekwa kuchinjwa, na mtu wa Baraka aliyekuwa mwanamume asubuhi hiyo akamwita mama yake.

"Lala kuume!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe, sikioni mwangu. "Usipigane nayo. Lala!"

Nikalala kulia. Mwamba ukapita kushoto, nusura niupige busu.

"Sasa kushoto. Pole-pole. Fungula macho!"

Sikuwa najua kwamba nimeyafumba. Alinielekeza kwa mikono yake, akinivuta huku na huku, yeye aliyevunjika mguu, na kila tulipopita jabali alinibana zaidi, na mimi nilimshukuru Mungu kila aliponibana. Tukaruka tuta moja. Hewani niliona mihogo ya watu chini yetu. Kisha tukaiingia ile mihogo, tita likapasuka, tukasimama.

Alikuwa hai. Nilisikia akipumua. Ningepaswa kupiga magoti pale pale.

Lakini watu walikuwa wanakuja mbio kutoka nyumbani, baba mkwe mbele, shemeji nyuma yake na majirani wawili. Hofu nyingine ikanishika, kubwa kuliko ile ya mlima. Akilini nikamwona mke wangu anafunga nguo zake kurudi kwa baba yake. Kabla hawajafika nikaruka kutoka penye tita, nikaenda kusimama mbali, uso chini.

"Mulishuka namuna gani?" akauliza baba mkwe.

"Mama alishuka peke yake na tita," nikasema. "Mi nilifuata na miguu."

Nikainua macho, nikawakuta wote wanatazama mlima. Ukungu ulikuwa umeondoka. Kwenye weupe ule wote, kutoka juu kabisa mpaka kwenye mihogo, kulikuwa na mfereji mmoja wa tita. Unyayo wa mtu haukuwepo hata mmoja.

Baba mkwe akanigeukia. Midomo yake ilikuwa imeanza kufunguka.

"Haiko yeye alinigusa." Mama mkwe alisema kutoka chini, amelala ubavu kwenye mihogo, na ingawa nilikuwa nasikia, hakulisemesha panga wala mtu yeyote wa kati. "Ni mimi nilimushika. Nilimushika kutoka kule juu mpaka hapa. Kuku ni ya kwangu kulipa." Akapumzika kidogo. "Na mumupe mwanangu kitu ya kujifunika. Koti yake iko na mimi."

Walimbeba yeye kwanza. Shemeji akanirushia blanketi. Nilijifunika nikitazama chini, na safari hiyo haikuwa heshima.