Gauni la Sponji

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilifunga mlango wa duka langu la ushonaji pale Biryogo mchana kweupe, nikachukua sponji ile tunayoweka mabegani mwa makoti, nikaikata vipande na kuishona ndani ya gauni langu mwenyewe ili nionekane mnene. Usicheke bado. Miezi mitano nyuma nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza mwili, niliousubiri kwa hamu na kwa machozi, na sasa nilikuwa nauficha kwa sindano na uzi.

Nakusimulia haya kwa sababu ya ombi lako la juzi. Ulikuja na vitambaa vyako ukitokea kazini Kimihurura, ukaniambia daktari amekupangia siku ya upasuaji huohuo, kisha ukapunguza sauti: "Mama Hamisa, unishonee nguo za kulegea za kuvaa nikirudi. Ofisini sitaki wajue. Hata mama kule Kampala sijamwambia." Nilikunyamazia kwa kuwa kulikuwa na wateja. Leo sinyamazi, na vitambaa vyako bado sijavikata.

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Ninyi mnaweza kuuita uzee, lakini mimi nilikuwa bado na kiburi cha msichana. Tumbo langu lilikuwa limefika mahali pa kugusa meza ya cherehani kabla ya mikono yangu. Magoti yalikuwa yamegoma kukanyaga pedali. Sukari ilikuwa juu, na mama yangu mzazi alikuwa amekufa kwa sukari hiyohiyo baada ya kukatwa mguu, kwa hiyo nilijua kabisa ninakoelekea. Nilijaribu dawa, nikajaribu kujinyima, nikatembea milima yote ya Nyamirambo. Nilipungua nikarudi, nikapungua tena nikarudi tena. Daktari aliposema tumbo linaweza kukatwa libaki dogo, nilikubali hata kabla hajamaliza maelezo.

Tulikwenda India, mimi na mume wangu. Mtaani tulisema tumekwenda Kigoma kutembelea ndugu zake. Tuliporudi tulipitia soko la Kimironko, hapahapa mjini, tukanunua mawese, tukawagawia majirani kama zawadi ya safari. Wakayasifu sana, wakasema mawese ya Kigoma hayana mfano. Uongo wetu ulianza vizuri namna hiyo.

Kisu chenyewe hakikunisumbua kama nilivyoogopa. Kilichonisumbua ni kurudi jikoni kwangu. Nilikula vijiko vitatu, vinne, nikitafuna taratibu kama mtoto anayeota meno, na maji nilikunywa kwa mafunda madogo, mbali na chakula. Daktari alikuwa amenieleza hayo yote. Sikuwa nimejiandaa kuomboleza chakula. Zamani nikiudhika nilikula, nikifurahi nilikula, nikichoka nilikula. Sasa nikiudhika nilibaki na hasira yangu tu, sina pa kuiweka. Kuna Ijumaa moja nilikanda unga wa chapati za wanangu huku nalia, na sikuweza kumwambia mtu kwamba nalilia chapati. Mwezi wa nne nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Ngozi ya mikono ikalegea. Nilikuwa na furaha pia, usidhani sikuwa nayo: sukari ilishuka, na siku nilipokanyaga pedali asubuhi nzima bila goti kulalamika nilicheka peke yangu dukani. Lakini furaha hiyo nayo sikuwa na wa kumpa, maana ningeieleza vipi?

Basi watu wakaanza kuniangalia. Unajua kwetu mwanamke mnene akikonda ghafla watu wanafikiri mambo mawili tu, ama ana ugonjwa mbaya ama mume anamtesa. Mama Keza, jirani yangu mwenye duka la vocha, alikuja akakaa kwenye benchi langu, mpole kupita kawaida yake.

"Iko mgonjwa, sha, rafiki yangu? Sema tu, sisi tunasali."

"Ni uchovu, Mama Keza."

"Ihangane," akasema, kwa sauti ile tunayompea pole mfiwa.

Wiki ileile bibi harusi mmoja akaja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, eti amebadili mawazo. Nilimwelewa. Aliogopa nisingeishi hadi harusi yake. Ndipo nikafunga mlango na kutoa sponji. Niliweka kiunoni, nyonga zote mbili na mikononi, nikavaa, nikajiangalia kwenye kioo, nikaona kazi yangu ni safi. Nilijisifu, mwanangu. Kweli nilijisifu.

Na kwa kuwa nilikuwa na siri, niliacha kwenda kliniki nisije nikakutana na mtu tunayejuana naye. Vidonge vya vitamini, ambavyo mtu wa upasuaji huu humeza maisha yake yote, nilivificha chini ya vifungo kwenye droo, nikawa navisahau.

Ikaja harusi hapo mtaani kwetu. Sisi wanawake tulikaa chini ukumbini, watano watano kwenye sinia moja la pilau. Wewe hujazoea sinia, kwa hiyo nikueleze: kila mtu ana upande wake, na upande wako usiposhuka wenzako wanaona. Wakiona wanakusogezea nyama kwa mkono, kwa upendo kabisa, na ukikataa umewavunjia heshima. Upande wangu haukuwa unashuka. Jicho la kwanza likaniangalia, la pili likaniangalia, halafu kipande cha mbuzi kikasogezwa mbele yangu. Nikala. Nikala kingine. Nikasukumia na soda, nikitabasamu.

Maumivu yalinipata hapohapo. Nilitoka uani nikishika ukuta, nikatapika, halafu joto la ile sponji likanimaliza na nikaanguka. Wanawake wakanikimbilia, wakafungua zipu ya gauni nipate hewa. Nilizinduka nikiwa nimezungukwa na watu. Mama Keza alikuwa ameshika mkononi kipande cha sponji ya nyonga yangu ya kushoto.

Hospitali walinikuta sina maji mwilini na damu imepungua. Daktari alisema tumbo halikupasuka kwa bahati tu, na kama ningeendelea hivyo bila vidonge, neva za miguu zingeanza kuharibika. Miguu, mwanangu. Nilikuwa nimevuka bahari kuikimbia njia ya mama yangu, kisha nikairudia kwa aibu.

Siku ya tatu nikiwa nyumbani alikuja Bi Mwamini. Huyu ndiye aliyenifundisha kushona nikiwa msichana, kwenye baraza lake, na alikuwa ameshapita miaka themanini. Hakuuliza hali, mume wangu alikuwa ameshamweleza yote mlangoni. Aliketi, akavua viatu, akaniangalia.

"Mteja akikuletea kitambaa, unaanza na nini?"

"Nampima, bibi."

"Hukati kwa kukumbuka vipimo vyake vya zamani?"

"Hapana."

"Na weye nani alikupima tangu ukatwe hilo tumbo?"

Fundi hajipimi mwenyewe, futi haikai sawa. Na mimi sikuwa nimemwachia mtu anishike.

"Simama," akasema.

Nikasimama. Alinipima kifua, kiuno, nyonga, mkono, taratibu kwa vidole vyake vya uzee, akitaja kila namba kwa sauti. Alipotaja kiuno nililia. Nilikuwa nikijiona bado ni yule mwanamke wa zamani, nikipita mlangoni ubavu ubavu, wakati mlango ulikuwa unanitosha kabisa. Bi Mwamini aliacha nilie, akamaliza namba zake.

"Sikiliza," akaniambia. "Wanawake hawa walitaka kukuzika kwa sababu hukuwapa la kusema. Keti nao uwaambie mwenyewe. Wakikucheka, wacheke wakijua."

Niliona haya kuliko siku yoyote maishani. Lakini Jumamosi yake niliwaita barazani, nikawapa chai, nikasema yote: India, tumbo, nywele, chapati, hata mawese ya Kimironko. Walicheka, ndiyo. Kwa mawese walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Kisha Mama Keza akasema amesali miezi miwili kwa ugonjwa ambao si wenyewe, na sasa atasali upya. Mwingine akanifuata pembeni kuniuliza kuhusu sukari ya dada yake.

Tangu hapo kwenye sherehe za mtaa wetu mimi naletewa kisahani, na hakuna anayekiangalia. Mama Keza alianza kunipitia Jumapili zile za barabara bila magari, tukatembea pamoja hadi Remera na kurudi, yeye akihesabu hatua kwenye simu na kunidanganya kidogo ili niongeze. Kwa ile hasira isiyo na pa kwenda, nilitafuta mwanasaikolojia. Mume wangu alishtuka, akauliza kama napelekwa Ndera, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Nikamwambia hapana, ni Gisimenti tu, ghorofani, juu ya duka la dawa. Nilikwenda mwaka mzima. Nilijifunza kuudhika bila kula, na nakuambia ni kazi ngumu kuliko kushona suti ya mwanamume.

Mwili ulirudisha kilo kadhaa baadaye, na madaktari watakuambia ni kawaida. Nywele zilirudi. Ngozi ya mikono haikurudi, nimeizoea. Leo hii navuka umri aliokufa nao mama yangu, na ninatembea kwa miguu yangu miwili.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na naisema wazi ili usije ukasema hukuelewa. Nenda kafanyiwe, kama madaktari wameona inakufaa. Usione aibu, hukuchagua njia ya mkato, utaifanyia kazi kila siku. Meza vidonge vyako hata siku unazojisikia vizuri, hasa siku hizo. Nenda kliniki. Utalia kwa mambo ya kipuuzi, lia. Utajiangalia kwenye kioo usijitambue, mpe huyo mgeni muda. Ofisini huna deni la kumweleza kila mtu, waambie uwaaminio, wengine waambie umefanyiwa upasuaji na unaendelea vizuri. Lakini mama yako mpigie simu leo, kabla ya siku yenyewe. Yeye ndiye atakayekupakulia chakula ukifika Kampala, na asipojua atakulisha kwa mapenzi yake yote, nawe utakula kwa mapenzi yako yote.

Nguo za kulegea sikushonei. Upone kwanza, kisha njoo nikupime, na baada ya miezi mitatu urudi nikupime tena, na tena.

Mwenyezi Mungu aongoze mikono ya watakaokushika. Akuingize chumba kile ukiwa na amani, akutoe ukiwa salama, akupe njaa ndogo na maisha marefu. Na utakapofumbua macho, akukutanishe kwanza na uso wa mama yako. Amina.