Doa la Maharagi, Kutoka Baraka Mpaka Lubondja

Ninyi vijana wa nyumba hii, na wengine mutakaosoma, someni mpaka mwisho. Mulinicheka niliporudi na matope mpaka magotini. Sasa mujue nilikwenda kutafuta nini.

Nilikwenda kwa sababu ya maharagi. Mvua ilipokolea, maganda machanga katika shamba langu hapa Baraka yalitoka madoa meusi, yamebonyea kama mtu ameyachoma na msumari wa moto. Kando yangu analima Mama Divine, mkimbizi wa Burundi, kwenye kipande nilichomwazima mimi. Nilimwambia mbele ya watu: "Mbegu yako njo imeleta bugonjwa. Ukivuna, utoke mu shamba yangu." Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mama," akaendelea kupalilia. Kipande kile ndicho kinalisha batoto bake.

Mimi mbegu yangu yote nachukuaga kwa mdogo wangu Wabiwa, kule Lubondja milimani. Basi nikachuma maganda matatu yenye madoa, nikayafunga katika mfuko, nimwonyeshe uchafu wa wageni na nichukue mbegu safi.

Asubuhi na mapema nilipanda pikipiki. Dereva alikimbia, nikampiga mgongoni: "Kijana, mi sina haraka ya kumuona Bwana!" Lweba, kando ya ziwa, nilishuka, bamama wakianika samaki kwenye mchanga. Mbele barabara ilikuwa tope tupu, pikipiki haikupita.

Toka Lweba nilipanda kwa miguu. Kila shamba nililopita niliinama kuangalia maharagi. Mengine yalikuwa na madoa yale yale. Hapo moyo ukaanza kunisumbua, maana Mama Divine hajafika huku hata siku moja.

Lubondja nilifika jua linashuka. Wabiwa alipiga kelele, maana mimi ni yaya wake, dada mkubwa: "Yaya! Na magoti ile, umepanda mulima weye mwenyewe?" Nikamwaga maganda mbele yake. "Angalia kitu Barundi banatuletea."

Aliangalia, akacheka mpaka akakaa chini. "Yaya, huyu mutoto ni wa kwetu. Kuja uone." Akanipeleka nyuma ya nyumba. Maharagi yake yalikuwa na doa lile lile! Mbegu aliyonipa ilitoka hapo. "Nilipokupa sikujua," alisema. "Ilikuwa na vidoa vidogo, nikasema ni rangi tu."

Kona moja peke yake ilikuwa safi. Ni ya mume wake, shemegi wangu, mtu wa usingizi tangu ujana. "Ya kwake ni muzuri sababu anaamkaka saa tatu," Wabiwa alisema. Nilifikiri ni mchezo. Kumbe muagronome, mtaalamu wa kilimo, alikuwa amepita kwao, akawaeleza. Ugonjwa huo ni ukungu, ndugu wa ule unaoota juu ya bugali uliolala. Unajificha ndani ya mbegu yenye doa. Mmea ukiota nao, matone ya mvua yanaurusha kwa jirani. Na majani yakiwa na maji, unashika kwenye mikono na nguo; mwenye kupita anaupanda kila anapogusa.

"We unaingiaka mu shamba saa ngapi?" Wabiwa aliuliza.

Baraka nzima inajua naingia mbele ya jua, kikwembe nilichojifunga kinalowa umande mpaka kiunoni. Nimejisifu kwa hilo miaka mingi, na ninyi nimewaita wavivu. Mama Divine yeye anakuja batoto wakiisha kwenda masomo, jua liko juu. Kwake madoa yalikuwa kwenye mstari mmoja tu, pale ninapokatiza kwenda kwangu.

Aibu ilinishika, lakini nilipumua. Si bulozi, si sumu, si jirani. Siku hiyo nililala kama mtoto.

Kesho yake tulikaa kwanza tukingoja umande ukauke. Kule mvua inatangulia, maganda yalikuwa yameanza kukauka, tukachuma yaliyo safi katika ile kona. Shemegi alisimama, mikono kiunoni: "Yaya, leo unaomba mbegu kwa muvivu?"

"Funga kinywa, ulete mufuko," nikamjibu.

Kurudi Baraka sikufikia nyumbani. Nilimkuta Mama Divine shambani. "Bugonjwa ilitoka kwangu," nikasema. "Kikwembe changu njo kilikuletea. Baki mu shamba."

Alishika jembe, akaniangalia sana. "Mama, niliona madoa inafuata njia yako. Niliogopa kusema, ungenifukuza."

"Si nilikufukuza hata hivyo?"

Tukacheka wote wawili. Nikamgawia nusu ya mbegu.

Jioni ile niliwaita wote uani, na amri yangu ni hii: maharagi yenye doa tuyapike, hakuna kuyapanda. Msimu unaokuja shamba lile litalimwa mahindi, na mbegu safi tutaipanda mahali pengine. Na muntu yeyote asiingie mu maharagi umande haujakauka. Hata mimi. Mukiniona natoka na jembe jua bado, mulichukue, mulifiche.