Nilivyompunguzia Mama Vyuma

Naungama mwenyewe, maana gym nzima ya Katubuka inajua tayari. Nina wiki mbili tu tangu nihamishiwe Kigoma kikazi. Jana nikamkuta mama mmoja, mkulima wa Simbo, kajifunga kanga juu ya suruali, anafuta jasho kando ya benchi la kunyanyulia vyuma.

“Shikamoo mama. Hivi vitakuumiza,” nikasema, nikamchomolea vyuma viwili.

“Marahaba. Haya, tangulia wewe, mwanangu.”

Kwa kujionyesha nikavirudisha vilevile, nikalala. Chuma kikashuka kifuani, kikagoma kupanda. Nikatapatapa kama dagaa mchangani. Mama akakinyanyua, akakirudisha mahali pake.

“Pole, mwanangu. Kwa vyuma hivyo mimi huwa napasha mwili moto tu.”