Mama Alivyoshindwa kwa Kiingereza

Mama yangu alikuwa hajui Kiingereza. Kwa sababu hiyo, Januari ile ya 2025, yeye ndiye aliyekuwa akitoka nje risasi zikilia.

Usinicheke kwanza. Kaa nikueleze.

Naitwa Rachid. Tunakaa Keshero, hapa Goma, si mbali na ziwa. Tuko wanne: Papa Assani, anayeuza vitenge mtaani Mapendo, Mama Waridi, dada yangu Farida, aliyesomea Kiingereza Kampala, na mimi, niliyekiokota kwenye simu na kwa madereva wa mpakani.

Nyumbani kwetu kuna mchezo. Tulitoka nao Rutshuru, mwaka ule wa 2021 volkano ilipotukimbiza tukapokelewa na mwalimu mmoja wa Kiingereza, Mama Donatille.

Ni vifuniko vya soda, kila kimoja kina herufi iliyochorwa kwa rangi ya kucha. Unatikisa kopo, unamwaga vichache mezani, kila mtu anatafuta maneno ya Kiingereza yanayotoka humo. Mwenye maneno machache kuliko wote anaosha masufuria.

Tuliporudi Goma, kila kazi isiyo na mwenyewe tukawa tunaiamua hivyo. Papa ni mtu wa sheria. Aliwahi kuosha masufuria sikukuu ya Idi, na kanzu yake nyeupe mwilini, kwa sababu ya herufi.

Mama hakuwahi kucheza. Alisema Kiingereza kitamvunja meno.

Basi waasi wakaingia mjini. Umeme ukakatika, bomba likakauka, pipa likabaki na tope chini. Ziwa lipo pale pale, lakini kati yako na ziwa kuna risasi.

Nani aende?

"Miye njo muzee wa nyumba. Naenda," Papa akasema.

"Papa, goti yako haiwezi kukimbia. Naenda miye," nikasema.

"Weye batakukamata," Farida akadakia. "Mwanamuke njo anaweza kupita. Naenda miye."

Wote tulisema tunaenda. Hakuna aliyevaa kiatu.

Mama alitutazama, kisha akaleta kopo.

"Tucheze. Mwenye kushindwa njo anaenda. Na miye nacheza."

Tukacheza. Tena tulicheza kwa bidii, nakwambia, sijawahi kufikiri haraka vile maishani mwangu. Hata Papa alitoa maneno ambayo Farida alikuwa hajawahi kuyasikia Kampala.

Mama hakupata neno hata moja.

"Mama Farida, hii haihesabiwi," Papa akasema. "Weye haujui Kiingereza."

"Sheria inabadilika kama masasi inalia?"

Papa akatafuta jibu. Alipolipata, Mama alikuwa ameshafunga kamba ya bidoni, dumu letu la maji, na kutoka.

Niliogopa. Nilikaa chini ya dirisha nikiomba dua zote ninazozijua, nikaanza upya. Mama alirudi na maji mgongoni, akauliza nani anapika chai.

Kesho yake tukacheza tena. Safari hii Farida alikuwa akimchezea Mama midomo, anamwonyesha maneno kimya kimya. Mama akasema haoni vizuri. Farida akamnong'oneza sikioni. Mama akasema masikio yameziba kwa mabomu.

Akashindwa. Akaenda.

Alirudi amechelewa, bidoni imebaki nusu. Ilikuwa imezibwa kwa kipande cha sabuni.

"Nilianguka kwa mawe," akasema, akaingia jikoni.

Farida aliigeuza ile bidoni. Kulikuwa na sabuni upande huu, na upande wa pili pia kulikuwa na sabuni.

Mawe ya volkano yanaweza kutoboa bidoni, hilo nakubali. Lakini jiwe haliingii huku likatokea kule.

Tukaangaliana. Usiku ule chai ilipoa kwenye vikombe.

Asubuhi Papa mwenyewe ndiye aliyetikisa kopo. Zikaanguka herufi tano: T, A, B, L, E.

Hata mtoto wa chekechea angeona. Neno lenyewe hata Kifaransa wanalo.

"Miye sioni kitu," nikasema.

"Hizi herufi ni nguvu sana, zinanishinda," akasema Farida, mwenye diploma.

Papa alikuna kidevu. "Kiingereza yangu ni ya biashara tu. Hapa hakuna biashara."

Tukakaa. Nje kitu kikubwa kililia, vioo vikatetemeka. Tukaendelea kutojua.

Mama alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Uso ukaanza kumbadilika.

"Farida, angalia muzuri."

"Mama, sioni."

"Rachid!"

"Kweli, Mama, hakuna kitu."

"Munanidanganya!" Akapiga meza, vifuniko vikaruka. "Table! Iko hapa mbele yenu! Na late! Na able! Na eat! Munajifanya bajinga juu ya nini?"



Mama akaziba mdomo kwa mkono, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

"Mama," Farida akauliza taratibu, "ulijulia wapi?"

Mama akasema, "Kwa Donatille. Wakati alikuwa anabafundisha nyinyi maneno ya muchezo, miye nilikuwa naosha sahani. Masikio haikuwa kwa sahani."

Miaka yote hiyo! Alikuwa akisikia kila neno, na kwenye vifuniko alishindwa akijua anachofanya.

Papa akasimama, akavaa viatu. Nami nikavaa vyangu.

"Mama Farida amepata maneno ine. Siye hatuna hata moja. Mama anabaki."

"Ile muchezo tuiache," Mama akasema. "Papa Farida, nakuomba. Muniachie mutoto."

Farida alimshika. Mimi na Papa tukatoka, na goti lake bovu hilo hilo.

Sitakusimulia njia. Tulilala chini mara nyingi, tukachota, tukarudi.

Mama alikuwa getini. Hakuangalia maji. Alinipiga kofi, kisha akanishika mabega akanizungusha, mbele, nyuma, mbele tena, akinipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Halafu akalia.

Papa alisimama pembeni na bidoni yake, akingoja zamu yake ya kuzungushwa.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtu anayeshindwa kila siku wala hanuni, usimcheke. Muulize akishindwa anakwenda wapi.