Kitendawili Kilichozaliwa Ilford

Bi Mwatima alikwisha kukusanya vitendawili vya Pemba nzima, na bado kitabu hakikumtoka mkononi. Nizar, mhariri wake, alipiga simu mpaka akachoka.

"Bi Mwatima, kimekamilika, nipe!"

"Bado, baba. Vyote hivi vya wazee. Nataka kimoja tu cha mtoto aliyezaliwa hapa London. Nikikikosa, nitakuwa nimeandika tanzia ya lugha yetu."

Ukaidi? Naam, na ukaidi huo ndio uliomfikisha. Aliingia London baada ya mapinduzi ya Zanzibar, binti wa Wingwi huko Pemba, akafanya ukarani mchana na kusoma jioni. Chuoni profesa mmoja alimshauri aachane na Kipemba, eti lugha ya shamba. Alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akatunga kamusi ya Kipemba na kupatia udaktari humo humo.

Nyumbani kwake Ilford ndiko kulikomshinda. Mjukuu wake, Sheikha, mzaliwa wa hapo hapo, alielewa kila neno na kujibu kila neno kwa Kiingereza. Kila Jumamosi jikoni, bibi alimtegea vitendawili. Anayeshindwa sharti atoe mji, na mtegaji aukubali, ndipo ataje jibu. "I give you Edmonton," Sheikha alisema, akimpa mtaa wa London kwa Kiingereza, macho kwenye simu. Bibi aliumia, akamtajia jibu.

Jumamosi moja Nizar alikuja mwenyewe kuchukua mswada. Bi Mwatima alikuwa anamenya muhogo, amekwisha kukata tamaa, aliposikia nyuma yake:

"Bibi. Kitendawili!"

Kisu kikasimama. "Tega!"

"Bi mkubwa haonekani, kila siku aniasa nisitumbukie."

"Mama yako?"

"Hapana!"

"Malaika?"

"Hapana, Bibi! Nipe mji."

Daktari mzima wa vitendawili amekwama mbele ya mtoto, na furaha inamjaa mpaka machozi yanamtoka.

"Nakupa Wete."

"Sitaki."

"Chake Chake."

"Sitaki!"

"Basi chukua Pemba yote, mwanangu!"

"Nimekwenda Pemba, nimekula pweza, nimerudi. Ni yule mama wa stesheni, sauti tu, atuambia tuchunge pengo la treni: mind the gap!"

Nizar alicheka hadi chai ikamwagika. Bi Mwatima alifuta mikono, akaandika kitendawili hicho ukurasa wa mwisho, na chini yake jina la mtungaji: Sheikha, Ilford. Kisha akamsukumia Nizar mswada.

"Haya chukua, baba. Nimeshindwa."