Magugu Yangu Usiyachome

Siyo uvivu, mwanangu. Hujauliza bado, lakini nakuona unavyozikodolea macho zile nyasi nilizozilaza kwenye mihogo. Weka jembe chini, njoo ukae.

Enzi zile mitumba ndo inaingia kwa marobota, viwanda vya nguo vinapunguza watu, mume wangu naye akarudishwa nyumbani. Tukawa tunategemea hakahaka kashamba ka Chamazi, mchanga mtupu. Mie nikalima kama nilivyolelewa: palilia, kusanya, choma, mpaka shamba ling'ae kama ua la bi harusi. Mihogo ikatoka kama vidole vyangu hivi. Cheka tu!

Ila kule nyuma ya choo, nilikotupa magugu mabichi yaliyogoma kushika moto, muhogo ulinenepa huo! Nikafukua kidogo, udongo mweusi, wa baridi. Nikasema, kumbe? Msimu uliofuata sikuchimba. Nikafyeka magugu kwa panga, nikayalaza palepale, nikatoboa vishimo vya kunde.

Sasa wifi yangu Zuhura, dada wa mume wangu, yeye anaongelea puani: "Heee! Kaka'angu kaoa mke au kaoa ng'ombe? Manyasi yote haya anamwekea nani?" Akakimbilia kwa mama mkwe, mwenye shamba. "Mama, tunachekwa Chamazi nzima! Nipe mie hilo shamba, nitie vijana walilime, nipitishe moto."

Mume wangu akaanza kunong'ona, "Mke wangu, si ufagie tu, yaishe?" Nikamwambia, nikifagia utakula ufagio.

Mama mkwe akaja na bakora yake, tambuu shavuni. Mvua zilikuwa zimekatika zamani. Alianzia kipande cha Zuhura, hapo ng'ambo ya njia: kimefagiwa cheupe, hata jani moja chini huoni, kunde zimejikunja kwa jua. Akaja kwangu. Akachokoa nyasi kwa bakora, akainama, akabinya udongo. Ukashikana mkononi.

Nawe shika haya, mwanangu. Kishona nguo, gugu lile la mbegu za kunasa nguoni, kikate kabla hakijachanua, ukichelewa umepanda kingine. Ukoka uanike kwanza, mizizi juu, ufe kabisa, la sivyo utakufufukia. Shina la muhogo liachie nafasi, mchwa wasipande. Jembe la kutobolea shimo la mbegu, basi. Na wa kucheka waache wacheke; shamba halilimwi kwa ajili ya wapita njia. Mungu akujaalie mikono isiyochoka, na sufuria yako isikose cha kufunika.

Haya, mama mkwe akanyanyuka, akatema tambuu. Zuhura kashika kiuno, anangojea apewe shamba langu. "Umeona, mama? Uchafu mtupu!"

Mama akamtazama, akakitazama kile kipande cha ng'ambo. Akasema kwa sauti yake ile ya kukwaruza:

"Lako safi kweli, Zuhura. Hata chakula hamna."